Sauti ya Mama Ilikuwa Stoo

Jumatatu, 5 Februari 2024

Nimekasirika mpaka kalamu inachana karatasi.

Mkutano saa tatu asubuhi, kantini. Bosi Pruett kavaa shati lililopigwa pasi, nikajua kuna jambo. Akasimama mbele ya mashine ya kahawa akatangaza: Kituo cha Mulgarra kinafungua milango kwa wasanii! Wachoraji, wanamuziki, watu wa utamaduni. Eti karibu miaka sitini tumesikiliza anga, sasa wakati umefika wa kusikilizana sisi wenyewe. Makofi. Jovan wa chumba cha mitambo alikuwa na andazi mdomoni, hakupiga. Mimi sikuwa na andazi, na sikupiga.

Milango! Milango ipi?

Mama mdogo Ivy ana miaka themanini na moja. Alizaliwa pembeni ya lile dimbwi la mwambani lililo nyuma ya jengo la umeme. NDANI ya uzio. Hajalitia machoni tangu 1972, walipowafukuza wanawake wa jikoni wote siku moja. Barua za kuomba aingie nimeziandika mimi mwenyewe, tatu. Jibu la kwanza: usalama. La pili: bima. La tatu halijaja mpaka leo. Saa moja tu, akanyweshe miguu yake maji! Hapana.

Msanii wa kwanza anatoka Melbourne, anafika Alhamisi. Kadi yake ya getini tayari. Nimeiona mezani kwa sekretari, ina kamba ya kijani. Siku mbili imechukua.

Mimi kadi ninayo kwa sababu nalipaka grisi dishi lao kubwa la kusikilizia anga. Miaka ishirini na saba.

Alhamisi, 8 Februari

Nyuzi arobaini na tatu. Inzi hawana adabu.

Msanii kafika. Imogen Tarrant, "msanii wa sauti". Nikadhani anaimba. Haimbi. Anarekodi vitu: upepo kwenye waya, mlango, mtu anapotembea. Kaja na viatu vya kitambaa, nikamrudisha. Akaomba radhi. Nikampa buti na helmeti, akaomba radhi tena. Nikampandisha kwa lifti mpaka jukwaa la juu, mita thelathini. Akaweka shavu kwenye chuma cha dishi, akafumba macho. Nikamwambia kina joto hicho, utaungua. Akasema kinaimba.

Nikamwambia hiyo ni beringi, inataka grisi.

Akacheka. Halafu akaniuliza kama naweza kupaka grisi polepole, arekodi. Nimepaka grisi polepole! Jovan alikuwa anatazama kwenye kamera, akaniita kwa redio mbele ya watu: "Cora, lini tunakwenda Ulaya na hiyo albamu?"

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningepumua.

Jumanne, 13 Februari

Sijavua hata ovaroli. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi nilikuwa jukwaa la juu, nimelala chali chini ya giaboksi, spana kubwa mkononi. Huko chini walikuwa wanajaribu spika za siku ya uzinduzi. Tarehe mbili Machi wanafanya sherehe: wageni, waziri, kamera. Mikwaruzo ikaanza, ya tepu ya zamani. Halafu mtu akakohoa.

Nilikijua kile kikohozi kabla sijaijua sauti.

Halafu akaanza kusema. Kwa lugha yetu. Polepole, nusu anasema nusu anaimba, kama alivyokuwa akinibembeleza nilale. Uwanja mzima! Kwenye mabati, kwenye chuma, ndani ya dishi, sauti inarudi mara mbili mbili, maneno yanamezana. Mama yangu. Kafariki miaka thelathini iliyopita. Jina lake hatulitaji ovyo mpaka leo, hata hapa siliandiki. Na sauti yake inatoka kwenye spika, na mwanamume chini anapiga kelele, "Ongeza kidogo upande wa kushoto!"

Spana ikaniponyoka. Sijui nilishukaje. Nilijikuta nachomoa waya, nashika huu, natupa ule, napiga kelele maneno ambayo siyakumbuki. Imogen kasimama mdomo wazi. Akasema kaipata stoo, kwenye kabati la tepu za zamani. Akanionyesha kasha. Wameandika kwa mkono: *Wimbo wa Nyota ya Mjusi. Mwanamke mwenyeji, jikoni. Agosti 1966.*

Hiyo ndiyo itarushwa angani siku ya uzinduzi. Kwa dishi langu.

Nikamwambia: Yule ni mama yangu.

Akakaa chini mavumbini pale pale.

Stoo ile iko chini ya ngazi ninayopanda kila siku. Kila siku ya Mungu! Nimepita juu ya sauti yake miaka ishirini na saba, na bomba la grisi mkononi.

Jumatano, 14 Februari

Sikwenda kazini. Jovan kapiga simu: ile spana imetoboa boneti ya gari la Pruett. Imeingia mpaka kwenye betri.

Vizuri.

Jumamosi, 17 Februari

Nimekwenda kwa mama mdogo Ivy. Kilomita tisa, barabara yote makorongo, kasuku wamejaa kwenye waya za simu. Nimempelekea mkia wa kangaroo, tukauzika kwenye majivu ya moto, tukakaa. Sikujua nianzie wapi. Nikaanza na spana, akacheka mpaka akakohoa. Halafu nikamwambia kuhusu tepu, na kwamba wameiandika wimbo wa nyota ya mjusi.

Akaacha kucheka.

"Nyota gani? Mjusi ni kaka yako."

Hilo sikulijua. Najua nina kaka, Raymond. Walimchukua watu wa Ustawi, wale wa serikali waliokuwa wakiwakusanya watoto wetu, kabla mimi sijazaliwa, ana miaka mitano. Nimemwona mara nne maishani. Sikujua kwamba nyumbani alikuwa akiitwa Mjusi.

"Asubuhi alikuwa akilala juu ya mawe kuota jua," kasema mama mdogo. "Tumbo wazi hivi. Mama yako akimwita Mjusi, Mjusi, njoo unywe chai."

Halafu akanieleza yote. Nitayaandika kama alivyoyasema, nisije nikayapunguza makali.

Gari lilikuja Mei 1966. Jeusi. Mama alikuwa kazini, jikoni kwa hawa hawa, anamenya viazi. Aliporudi mawe yalikuwa matupu. Alikwenda polisi, wakamfukuza. Akaenda tena, wakamfungia siku mbili. Agosti akaja bwana mmoja kituoni na mashine ya kurekodi, anakusanya "nyimbo za wenyeji". Mama mdogo alikuwepo, anaosha sufuria. Mama akamuuliza yule bwana: hili bakuli kubwa la chuma mnalolijenga, kazi yake nini? Bwana akasema, linapeleka sauti mbali kuliko alikowahi kufika mtu yeyote.

Mama akafuta mikono kwenye aproni. Akasema: peleka yangu basi.

Haikuwa wimbo! Alikuwa anamwelekeza mtoto njia ya kurudi nyumbani.

Bwana akatabasamu, akaandika, akaondoka. Na mama akangoja. Kila Jumatatu, kasema mama mdogo, kila Jumatatu akipeleka chai ofisini alikuwa anauliza: imefika? Wakimjibu: bado, mama, ni mbali. Akitoka wanacheka. Mama mdogo aliwasikia wanavyocheka. Hakumwambia dada yake.

Aliuliza miaka sita. Mpaka walipowafukuza.

Mkia uliungua, tukautupa kwa mbwa.

Jumanne, 20 Februari

Ofisini kwa Pruett, saa nne. Imogen naye alikuwepo. Nilivaa ovaroli safi, nikajiambia Coralie, usipige kelele. Nikamweleza kila kitu. Nilimaliza bila kupiga kelele.

Pruett akasema anasikitika. Kichwa kaegemeza upande mmoja, kama wanavyofunzwa. Akasema lakini hebu fikiria, Coralie, heshima iliyoje! Sauti ya mama yako itasafiri milele. Nikasema haikuwa kwa ajili ya milele, ilikuwa kwa ajili ya Raymond. Nataka tepu. Akasema tepu ni mali ya kituo. Akatoa karatasi: ruhusa ya mwaka 1966, na alama ya X chini.

X! Mama alikuwa anajua kuandika jina lake. Alifundishwa misheni, akaliandika kwenye kila mfuko wa unga aliowahi kununua.

Akasema naweza kujaza fomu ya maombi. Siku sitini.

Imogen akawa mweupe kama unga. Akamwambia basi mimi najitoa, siwezi kuitumia kazi hii. Pruett akamjibu kwa upole kabisa: mkataba unasema kazi ni ya kituo, hata usipokuwepo itarushwa. Halafu akanigeukia. "Coralie, usichanganye mambo ya nyumbani na kazi."

Nikamwambia: Nyumbani kwangu ndipo unapoegesha gari.

Akatazama dirishani, kwenye gari lenye boneti ya nailoni na gundi. Nikatoka. Kelele nilizipigia nje, nyuma ya matangi ya maji.

Ijumaa, 23 Februari

Imogen kaja kwa mama mdogo, mimi nikiwepo. Kaendesha mwenyewe, kapasua tairi njiani, kafika mwekundu mwili mzima. Mkononi ana flashi. Kanakili tepu nzima. Kasema wakijua watamshtaki. Akaiweka mezani, halafu akabaki amesimama. Sikumkaribisha kiti. Sikumkaribisha chai.

Mama mdogo akamtazama weee.

"Binti, wewe kazi yako kusikiliza?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanakulipa?"

"Ndiyo."

"Ulisikiliza sauti ya mtu kutwa nzima, hukuuliza anasema nini?"

Imogen akasema aliuliza. Alimuuliza Pruett. Mama mdogo akacheka kicheko kile cha puani. "Umemuuliza mbuzi habari za samaki! Kaa chini, unanizibia upepo."

Akakaa. Akalia kidogo, kwa adabu, bila kutuomba tumbembeleze. Nikampa chai. Bado nimemkasirikia. Lakini nikamtilia sukari.

Hatukuisikiliza flashi. Mama mdogo kasema aisikie mwenyewe kwanza, Raymond.

Jumatatu, 26 Februari

Nimempigia Raymond, Adelaide. Tunatumiana kadi za Krismasi, basi. Mazishi ya Mama alikuja, akasimama ng'ambo ya uzio wa makaburi, kabla hatujamaliza kufukia akaondoka.

"Kaka, mimi Coralie."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nina kitu cha Mama. Amekuachia wewe."

"Sina mama mimi. Yule alinisaini, akanitoa." Sauti tambarare. "Niliiona karatasi nikiwa na miaka kumi. Walinionyesha. Alama ya X."

Ile X! Tena ile ile X!

Akasema yuko kwenye mashine ya figo, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hana nafasi ya nyimbo. Alikuwa anakata simu, nikasikia. Nikasema, "Mjusi."

Mashine inapumua huko kwake.

"Jina hilo kakwambia nani?"

Nikasema kalisema yeye, kwenye tepu. Agosti, miezi mitatu baada ya gari. Simu ikakatika. Kaikata, au imekatika, sijui. Nimepiga mara sita. Haipokelewi.

Alhamisi, 29 Februari

Wameleta mwaliko wa mama mdogo. Karatasi nzito, herufi za dhahabu. *Mgeni wa Heshima.* Atakaa safu ya mbele na atatoa "maneno ya kuwakaribisha wageni katika ardhi ya wenyeji". Dakika tatu. Tafadhali asizidishe.

Miaka hamsini na miwili getini hapiti, halafu apite siku moja ili AWAKARIBISHE!

Ndani ya bahasha kuna na kipeperushi. Dishi langu, machweo, na maandishi: *Wimbo wa Nyota ya Mjusi. Sauti ya kale kutoka jangwani.* Ya kale. Mwanamke wa miaka ishirini na sita anayenuka viazi, anamtafuta mtoto wake.

Basi nimefanya hivi. Kila fundi hapa ana kufuli lake, jekundu, lina jina lake. Ukienda kufanya kazi kwenye dishi unaliweka kwenye pini ya kulizuia, na dishi haliwezi kugeuka hata inchi moja, na lisipogeuka halirushi kitu. Anayefungua ni aliyefunga, hakuna mwingine. Si meneja, si waziri. Sheria hiyo ilikuja baada ya fundi mmoja kupondwa mkono mwaka 2003, na Pruett mwenyewe ndiye aliyeisaini.

Saa tisa nikapanda, nikafunga. Kwenye lebo kuna sehemu ya sababu. Nikaandika: *Mama.*

Pruett akanifuata gereji na makaratasi mkononi. Kasema ikifika Jumamosi asubuhi sijalitoa, kazi sina. Nikamuuliza kama ana msumeno. Akajua ninachomaanisha: akilikata, kesho yake mafundi wote wanaweka spana chini. Jovan keshamwambia hivyo.

Alisema, "Coralie, ni programu ya kuwasaidia watu wenu!"

Niliosha mikono mpaka akaondoka.

Ijumaa, 1 Machi

Raymond kaja.

Saa sita mchana nilikuwa kwa mama mdogo, napika chai, nikasikia gari. Mtu mrefu, mwembamba, kavaa kapelo, mkono wa kushoto una bandeji ya mashine. Kashuka, kasimama tu karibu na mlango wa gari. Kasafishwa damu jana, kaondoka alfajiri, kaendesha kilomita mia tano peke yake. Mama mdogo alikuwa kivulini kwenye kiti chake. Hakuinuka, miguu haimruhusu. Akasema kwa lugha yetu, njoo nikuone. Raymond hakuelewa. Akanitazama mimi. Nikamwambia anasema uje akuone.

Akaja. Mama mdogo akamshika masikio yote mawili, akamgeuza huku na huku kama anakagua tikiti maji. "Masikio ni yale yale," kasema. "Umezeeka vibaya, lakini masikio ni yale yale."

Tukaiweka flashi kwenye redio ya pikapu yangu, milango wazi. Mama mdogo akafunika uso kwa kitambaa. Raymond akakaa kwenye ndoo.

Kikohozi. Halafu yeye.

Baada ya dakika moja Raymond akasema, "Simama. Anasema nini?"

Kaka yangu haelewi lugha ya mama yake! Walimpiga mpaka ikatoka. Ikanibidi nitafsiri. Sentensi moja, nasimamisha, natafsiri, naendelea. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimewahi kubadilisha beringi ya tani mbili juani.

Anasema: Mjusi wangu. Usilie kwa nguvu, watakupiga.

Anasema: Wakilala, toka. Fuata reli. Jua la asubuhi likuchome shavu la kulia, usiliache lihamie la kushoto.

Anasema: Reli inapopinda kwenye mawe meupe, shuka. Kuna maji chini ya jiwe lenye mdomo. Kunywa, usiyamalize, kuna na wengine.

Maji ni matano njiani kote. Kila moja lina jina lake na alama yake na namna ya kulikaribia. Majina siyaandiki, ni ya kwetu. La tano ni hili hili lililo nyuma ya jengo la umeme.

Anasema: Hapo utaniona. Kama nipo kazini, mkate uko kwenye kopo, nimeufunika, inzi hawajaugusa. Kula, ulale. Sikukupa mtu. Sikukupa mtu. Sikukupa mtu.

Mara tatu. Na mimi nikatafsiri mara tatu.

Raymond alikaa kwenye ile ndoo. Mbwa kaja kumnusa, kaondoka. Akasema turudie. Tukarudia. Akasema tena. Mara ya tatu hakutaka nitafsiri.

Halafu akasema, "Nilikuwa na miaka mitano. Ningefika?"

Nikasema labda.

"Ningefika!" Kasema kwa nguvu mpaka kasuku wakaruka. "Ningefika mimi!" Akaipiga teke ile ndoo, ikaenda mpaka kwenye uzio.

Baadaye, chai imepoa, mama mdogo akamsimulia habari za yule bwana na zile Jumatatu, na mimi nikamwambia kuhusu kufuli. Nilidhani atafurahi. Nilisema sauti haitoki hapa, kaka, hawataipata, hata wanifukuze kazi.

Akanitazama kama mtu ninayemuibia.

"Alisema wapeleke. Si ndivyo? Peleka yangu basi."

"Alitaka ikufikie wewe!"

"Imenifikia. Umechelewa, lakini umeileta. Sasa na wao watimize. Waliahidi. Walimdanganya miaka sita na chai mkononi. Kesho wataituma, na watasema mbele ya kamera ni nini wanachokituma na kwa nini. Si nyota. Si mjusi wa angani. Mimi."

Nikamwambia huwajui hawa. Watapiga makofi, watakula keki, watasema walitusaidia. Akasema basi wapige. Nikamwambia miaka yote hukuwepo, mimi ndiye niliyemzika, leo unakuja kuniamrisha! Nilisema hivyo. Nilimwambia mtu aliyeibwa kwamba hakuwepo.

Mama mdogo akaondoa kitambaa usoni. "Barua ni ya nani?" Akaniuliza mimi, si yeye. "Coralie. Barua imeandikwa jina la nani?"

Nimeondoka bila kuaga. Nipo nyumbani, ufunguo uko mfukoni. Wote wamenikasirisha. Na yeye. Na mama mdogo. Hata Mama, Mungu anisamehe, kwa kumwamini mtu mwenye mashine.

Jumamosi, 2 Machi

Naandika nikiwa jukwaa la juu, nimeegemea pini. Daftari lilikuwa mfukoni mwa ovaroli. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Kurusha ni saa kumi kamili. Upepo wa moto, karatasi zinapigana na mkono.

Nilifika saa moja asubuhi. Pruett hakunifukuza. Hawezi mpaka nifungue. Imogen kamwambia kila mwandishi wa habari aliyeshuka kwenye basi kwamba kipeperushi ni uongo. Wengine wameandika. Wengine wameuliza choo kiko wapi.

Familia imepita getini. Wote, kumi na saba, kwa sababu kamera zipo. Mama mdogo kwenye kiti cha magurudumu. Nilimwona kutoka huku: hakwenda safu ya mbele. Alimwambia Raymond amsukume mpaka nyuma ya jengo la umeme. Askari akasogea kuwazuia, akatazama kamera, akarudi nyuma. Walikaa huko muda mrefu. Sikuona walichofanya, jengo linaziba. Walipotoka miguu ya mama mdogo ilikuwa inang'aa kwa maji.

Sasa wameketi. Wageni mia mbili hivi, kofia nyeupe. Waziri kasema. Pruett kasema. Wamemwita mama mdogo kwa dakika tatu zake.

Kashika maiki. Kasema kitu kifupi sana. Kampa Raymond, naye kaanza kueleza ile tepu ni nini.

Pruett kasimama. Anakwenda kwa kijana wa spika, anampa ishara shingoni. Imogen kakaa juu ya sanduku la waya. Kalikalia kabisa, miguu kaikunja, haondoki!

Jovan kwenye redio: "Cora, dakika nane. Kompyuta inataka dishi. Unafungua au hufungui?"

Nikifungua, Pruett atapiga makofi. Nisipofungua, Mama anangoja tena.

Dakika sita. Spika zimekufa. Wamepata waya mwingine wa kuchomoa. Raymond kaitazama maiki, kaiweka kwenye kiti. Anaendelea kusema bila maiki. Kwa mdomo wake. Simsikii, upepo unanijia usoni. Watu wa nyuma hawasikii pia, naona wanasimama, wanaacha viti, wanasogea. Waziri naye kasimama, sijui anasogea au anaondoka. Pruett anatazama juu. Ananitazama mimi. Ananipungia mkono, fungua, fungua, sasa anataka irushwe haraka, imfunike yule mtu!

Hapana. Si kwa mkono wako.

Ufunguo nimeutia kwenye kufuli. Sijauzungusha.

Jovan tena: dakika mbili, dada yangu, kompyuta haingoji. Nimemwambia itangoja. Raymond hajamaliza. Kainua mkono wa bandeji, anahesabu maji kwa vidole, moja moja, na watu wote wanatazama vidole vyake. Amefika la tatu.